Mikono ya Mama Risasi

Mimi na wifi yangu tulianza vibaya. Kaka yangu alipomleta nyumbani mara ya kwanza, mama alinivuta jikoni akaniuliza namwonaje, nikamjibu kwamba anaongea kidogo mno, na mtu wa namna hiyo hata akikuchukia hutajua. Hiyo ni miaka ishirini na saba iliyopita. Bado anaongea kidogo, na mimi bado naongea kwa niaba yetu sote wawili, na mtu yeyote anayetaka kumsema vibaya mbele yangu ajipange kwanza.

Kazini wanamwita Mama Risasi. Wageni wakisikia jina hilo hudhani aliwahi kuwa jeshini, na kaka yangu huwaacha waamini hivyo kwa sababu linampa heshima mtaani. Ukweli ni kwamba risasi yake ni ile ya kulehemu, kijiwaya laini kinachoyeyuka kikiguswa na ncha ya moto. Kwa hicho anaunganisha miguu ya chipu kwenye bodi. Miguu yenyewe ukiitazama kwa macho matupu unaona kitu kama meno ya kitana cha mdoli, na yeye anaigusa mmoja mmoja chini ya hadubini, kifundo cha mkono kimeegemea meza, pumzi ameibana. Alijifunza akiwa msichana, kwenye kibanda cha baba yake cha kutengeneza redio. Siku aliyokuja kufanyiwa usaili katika maabara yetu, walimsahau kwenye korido kwa saa moja na nusu. Walipomkumbuka walimkuta ameshafungua saa mbovu ya ukutani, na tayari ilikuwa inatembea. Wakamwajiri siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa hapo miaka minne kabla yake, nikiwa mpimaji, na mpaka leo wapo wanaodhani yeye ndiye aliyeniingiza kazini.

Nieleze kazi yetu kwa ufupi, maana kwenye harusi nikiulizwa nafanya kazi gani watu huanza kutazama simu zao kabla sijamaliza. Kuna nyota changa, za moto mkali, na sehemu kubwa ya mwanga wake haifiki huku chini. Ni mwanga wa urujuanimno, wa ukoo mmoja na ule unaochoma ngozi juani, ila huu ni mkali zaidi na hewa inaumeza wote njiani. Anayetaka kuuona lazima apande juu ya hewa. Kwa hiyo kuna setilaiti ndogo, yenye ukubwa wa begi la safari, ndani yake kuna darubini, na nyuma ya darubini kuna kifaa chetu. Chembe moja ya mwanga, yaani fotoni, ikigonga uso wa kifaa hicho inang'oa elektroni moja. Elektroni hiyo inapita kwenye vitundu vidogo sana vinavyoizidisha, moja inakuwa maelfu, maelfu yanakuwa mamilioni, na mvua hiyo yote inaangukia kwenye nyuzi za dhahabu zilizopishana, nyingine wima, nyingine za kulala. Kila uzi umeungwa kwenye mguu wake wa chipu. Chipu inaangalia ni nyuzi zipi zimelowa zaidi, na hapo inajua fotoni iligonga mahali gani.

Yote hayo kwa wati saba. Taa ya ndani ya friji inakula zaidi ya hapo. Setilaiti ile inagawa umeme wake kama mama mwenye watoto tisa anavyogawa nyama, na bodi yetu ya zamani, iliyotaka wati ishirini na mbili, ilishaambiwa kwamba haina nafasi. Bodi mpya isipofaulu, kifaa chetu kinabaki duniani na mahali pake kinafungwa cha watu wengine. Kukabidhi kifaa kulipangwa Jumatatu, saa nne asubuhi.

Mhandisi aliyebuni bodi hiyo ya wati saba tunamwita Miliwati, na anaitika. Ni mwanamume mrefu wa miaka arobaini na kitu, mpole, asiyejibu swali bila kupima kwanza. Anazima taa za korido akipita hata kama kuna watu wanatembea humo. Mwaka mzima alitunyima usingizi kwa ajili ya miliwati thelathini zilizokuwa zinapotea mahali fulani, na siku alipozipata alitembea maabara nzima akimweleza kila mtu, hadi mfagizi. Ni mtu mzuri. Ila usimngoje akusome moyo, nilikuwa nikisema hivyo, maana huyo anasoma mita tu.

Sasa nije kwenye mikono.

Mwaka juzi nilianza kumwona wifi anashika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Haikuwa baridi. Nikamvizia siku mbili tatu, halafu nikamkalia kooni kwenye chumba cha kubadilishia nguo mpaka akaniambia. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka ukikaa hewani. Alishakwenda hospitali, na daktari alimwambia si ugonjwa wa kuua, watu wengine hupata tu, unaweza kukaa hivyo miaka kumi au unaweza kuongezeka. Akauegemeza mkono kwenye benchi, ukatulia. Akauinua, ukaanza tena.

Akaniuliza, "Wifi, nimwambie Miliwati?"

Na mimi, mdomo huu usiojua kunyamaza, siku hiyo ndiyo nikampa mtu ushauri wa kunyamaza. "Umwambie nini? Ukiegemea meza unatulia, na kazi yote unaifanya umeegemea meza. Kaa kimya. Watu wakisikia fundi wa kulehemu anatetemeka hawatangoja maelezo."

Akanyamaza mwaka na nusu. Katika mwaka na nusu huo alilehemu bodi nne, na ya nne ndiyo ile ya kwenda juu. Viungio mia nne na kumi na viwili, vyote vyake.

Bodi ilipokamilika ilifungwa nyuma ya kifaa, kifaa kikaingizwa kwenye tanki la chuma, na hewa ikaanza kutolewa. Mambo ya hewa ni ya Mzee wa Pampu. Huyo ana miaka sitini na tatu, hasikii vizuri kwa sababu ya pampu zake, na ana daftari lake la mfukoni ambalo huandika humo kila kitu na hamwonyeshi mtu. Jumatatu asubuhi, wiki moja kabla ya kukabidhi, alinipa ishara ya dole gumba kwamba ndani hakuna hewa tena, nami nikaanza kipimo cha giza.

Kipimo cha giza ni rahisi kukieleza. Unafunika kila dirisha la tanki, unatandika kitambaa cheusi juu, unazima taa za chumba, kisha unakiacha kifaa kihesabu. Kwa kuwa hakuna mwanga, kinatakiwa kihesabu karibu na sifuri. Sifuri kamili haipo, kila kifaa kina wazimu wake kidogo, na chetu tulitegemea kipate kama nane kwa sekunde.

Kilihesabu mia tatu na arobaini.

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikazima, nikawasha. Mia tatu arobaini na mbili. Kifaa kinachoona nyota mia tatu gizani hakimfai mtu yeyote, kwa sababu kikifika kwenye nyota za kweli hutajua ipi ni ipi. Nikageuka kumtazama wifi. Alikuwa amesimama nyuma yangu, macho kwenye namba, mkono wa kulia ameuficha kwenye mfuko wa koti.

Jumatatu na Jumanne tulibadilisha kila kilichobadilishika. Nyaya, kisanduku cha umeme, waya wa kwenda ardhini. Namba haikushuka hata kidogo. Miliwati alizidi kuwa mkimya, akawa anakuja kabla yetu na kuondoka baada yetu. Jumatano alasiri akatuita, akasema bila kumtazama mtu usoni, "Nashuku chipu ya pili. Kesho asubuhi tufungue tanki, Mama Risasi aing'oe, aweke nyingine."

Haya, hapa lazima mtu aelewe jambo moja. Sehemu ya bodi haipashwi moto zaidi ya mara tatu. Ukizidisha, vibati vidogo vya shaba vinabanduka, na bodi inakuwa takataka. Mahali pa chipu ya pili palishapashwa moto mara mbili, kuweka na kubadilisha, kwa sababu iliyowekwa hapo mwanzo ilitoka kiwandani ikiwa imekufa. Kwa hiyo ilibaki nafasi moja, na nafasi hiyo ilikuwa mikononi mwa mtu ambaye mikono yake mimi nilikuwa naijua.

Tulipokuwa tunavua makoti siku hiyo, wifi hakuvua lake. Aliketi nalo kwenye benchi.

"Amesema chipu," akaniambia. "Anamaanisha viungio. Ni heshima tu, hataki kuniaibisha mbele yenu."

"Angetaka kusema viungio angesema viungio. Huyo hajui kupindisha maneno."

"Wifi, chipu ni nzima, niliipima mwenyewe kabla sijaiweka. Kati ya chipu na bodi kuna nini tena zaidi ya mkono wangu?" Akautoa mfukoni, akautazama kama mali ya mtu mwingine. "Nikiikuta kesho ni kazi yangu mbovu, nitaitengeneza nikiweza, halafu naweka chuma cha kulehemu chini. Siji tena. Sitaki kuharibu ya pili."

Nilikasirika, na nilikuwa nimejikasirikia mimi. Kama angesema tangu mwanzo, pengine bodi hii angepewa mtu mwingine, au angepewa yeye na mtu wa kumwangalia, na leo asingekuwa amebeba mzigo huu peke yake. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Kaka yangu alituona tunaingia nyumbani jioni hiyo, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akajua asiulize. Alikuwa anajua habari ya mkono, maana mtu huwezi kumficha unayelala naye.

Alhamisi saa mbili asubuhi tulikuwa wanne mbele ya tanki. Mzee wa Pampu alishashika vali ya kuingizia hewa. Kwenye meza ya kulehemu chuma kilikuwa kimeshapata moto, chipu mpya iko ndani ya kiboksi chake, na wifi amevaa ule mkanda wa mkononi wa kuzuia umeme wa mwilini usiingie kwenye bodi. Kifundo chake kilikuwa kimeegemea ukingo wa meza na bado kilikuwa kinatetemeka. Nikaona, na nikaona kwamba na yeye ameona.

"Niifungue?" akauliza Mzee, kwa sauti yake ya kushindana na pampu.

"Ngoja kidogo," akasema wifi.

Katika miaka kumi na moja ya kufanya naye kazi sikuwahi kumsikia akimsimamisha mtu. Hata Mzee alisikia.

Akanigeukia. "Kiungio kikiwa kibovu, kelele inatoka wapi?"

"Kwenye uzi wake," nikasema. "Uzi ulioungwa na huo mguu."

"Na uzi mmoja ukipiga kelele, kwenye picha unaonekanaje?"

"Mstari. Wima au wa kulala, kutegemea ni uzi gani."

"Basi kabla sijapasha moto nataka kuuona mstari wangu. Kama nimekosea nataka nijue nimekosea wapi."

Lilikuwa ombi dogo na la haki, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria kwa siku tatu, kwa sababu ya kujibana kwetu kwa umeme. Bodi ina hali mbili. Katika hali ya uchumi inatuma jumla peke yake, nimehesabu ngapi, basi. Katika hali ya picha inatuma na mahali pa kila fotoni, na hapo inakula umeme zaidi. Kipimo cha giza tunakifanya katika hali ya uchumi, kwa kuwa ndivyo bodi itakavyokuwa inasinzia huko juu, na kwa kuwa aliyeandika utaratibu ni Miliwati. Siku tatu tulikuwa tunatazama namba. Hakuna aliyekuwa ametazama sura yake.

Miliwati akakuna kidevu. "Utaratibu wa kipimo cha giza ni hali ya uchumi. Tukibadilisha hali, kipimo si kile kile."

Hapo damu ilinichemka. "Miliwati, hapa hakuna setilaiti. Hapa kuna soketi ya ukutani na mtu anayekuomba dakika tano. Washa picha, au niwashe mimi, na utaratibu wako utaniandikia barua ya onyo."

Alinitazama, akamtazama Mama Risasi na ule mkono, kisha akainama mwenyewe kwenye kibodi na kuandika amri. Mita ya umeme ikapanda. Skrini ikawa nyeusi, halafu vikaanza kutokea vitone vyeupe, kimoja hapa, kingine pale.

Sote tulikuwa tunatafuta mstari. Nilikuwa nimeushika mkono wa wifi bila kujua, na kwa ndani nilikuwa namwomba Mungu usitokee, ingawa nilijua usipotokea huo kitatokea kingine, maana mia tatu na arobaini hazitoki hewani. Dakika ya kwanza vitone vilikuwa vimetawanyika tu. Dakika ya pili vikaanza kujazana upande wa kushoto. Wifi akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Dakika ya tatu umbo likawa wazi. Lilikuwa limenenepa katikati, limechongoka huku juu na huku chini, na limejikunja kufuata ukingo wa picha.

"Ni mwezi," akasema Mzee wa Pampu. "Mwezi mchanga."

Wifi alikuwa anaufuata ukingo wa lile umbo kwa kidole, polepole, kutoka ncha hadi ncha.

"Nyuzi zangu zimenyooka," akasema. "Haziwezi kuchora kitu kilichopinda."

Alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu kiatu kabla ya kukiamini. Miliwati alikuwa ameshavua miwani. Akaivaa, akaivua tena.

"Hiyo ni nuru," akasema. "Kuna nuru ya kweli humo ndani, na ukingo wa kitu fulani unaikata. Bodi haina kosa. Inatuambia inachokiona." Akazunguka tanki, akapapasa kitambaa cheusi, akabonyeza kila kifuniko cha dirisha. Vyote vilikuwa vimekaza. "Mzee, ndani ya tanki kuna nini kinachowaka?"

"Hamna kitu humo. Hata hewa hamna, nimeitoa mwenyewe." Mzee akacheka kidogo, halafu kicheko kikamfia mdomoni. "Isipokuwa geji."

Geji ni kipimo kinachotuambia hewa imebaki kiasi gani, na hufanya hivyo kwa kijiwaya kinachowaka kama cha taa ya zamani. Tangu niingie maabara hiyo, geji ilikuwa inakaa nyuma ya elbo, lile bomba la kona ambalo hata mafundi wa maji wanalo, ili mng'ao wake uishie ukutani na usikifikie kifaa. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kufikiria kuizima.

Mzee alitoa daftari lake mfukoni, akalamba kidole, akafunua kurasa tatu nyuma. Akasoma kimya. Kisha akatuonyesha, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtu mwingine kuliona. Wiki tatu zilizopita geji ya zamani iliungua. Mpya ilikuja na shingo ndefu, ikawa inagonga mguu wa meza. Akatoa elbo, akaifunga geji moja kwa moja. Aliandika vizuri kabisa, na tarehe, na saa.

"Elbo niliitoa mimi," akasema. "Nilisahau kabisa kwamba ilikuwa na kazi."

Kweli nilitamani kumnyonga na kumbusu kwa wakati mmoja. Akafika kwenye kisanduku cha geji, akabonyeza swichi. Mimi nikarudi kwenye skrini yangu, nikairudisha bodi kwenye hali ya uchumi ili Miliwati asipate la kusema, nikaangalia namba.

Tisa. Saba. Nane. Nane. Sita.

Nikaisoma kwa sauti, halafu nikaisoma tena. Nikakaa kwenye sakafu na koti langu jeupe, kitu kilichokatazwa kwenye utaratibu ukurasa wa kwanza. Miliwati alikuwa ameegemea tanki, paji la uso limegusa chuma, anashusha pumzi ndefu mfululizo. Mzee wa Pampu akaenda kuzima chuma cha kulehemu bila kuambiwa.

Wifi alifungua ule mkanda wa mkononi, akaukunja vizuri, akaketi kwenye kiti chake. Akaiweka mikono juu ya mapaja, mbele yetu sote, na mkono wa kulia ukatetemeka, wala hakuuficha. Nilijua anachotaka kufanya. Jana angekisema kingekuwa kukiri kosa, na leo hakikuwa kosa tena.

"Miliwati," akasema. "Kuna jambo sijakwambia. Mkono wangu unatetemeka."

"Najua," akasema Miliwati.

"Hujui. Si wa leo. Ni wa mwaka na nusu."

"Najua. Nilikuona kwenye bodi ya kwanza. Ndipo nilipobadilisha kiti chako, nikaleta hicho chenye pa kuegemea kiwiko."

Wifi alikitazama kiti alichokalia. Mimi nilikuwa bado sakafuni na sikuona haraka ya kuinuka.

"Kwa hiyo nimehangaika kukificha kitu ambacho unakiona," akasema, na sasa alikuwa na hasira kidogo, ambayo kwake ni nyingi. "Na Jumatatu, namba ilipopanda. Hukudhani ni mimi?"

Miliwati alipima kwanza, kama kawaida yake.

"Nilidhani," akasema. "Jumatatu nilidhani. Kwa hiyo nikatoa picha tulizopiga kwa hadubini kabla bodi haijafungwa, nikakagua viungio vyako vyote, mia nne na kumi na viwili, mara mbili. Hakuna hata kimoja kibaya. Kuanzia Jumanne sikudhani tena, nikahamia kwenye chipu."

"Tangu Jumanne," akasema wifi. "Mimi nimelala na jambo hili tangu Jumatatu. Jana nimeaga moyoni. Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Usiogope?" Miliwati alionekana kweli hajui. "Wewe hukuwahi kuniambia kwamba unaogopa."

Mabega ya wifi yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikainuka. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi, na Mzee wa Pampu, ambaye hakuwa amesikia hata nusu ya mazungumzo, akacheka pamoja naye kwa ajili ya ushirika tu.

Baadaye tulipokwenda kunawa uso nilimwomba radhi. Nilimwambia wazi kwamba ni mimi niliyemfunga mdomo, kwamba kwa woga wangu nilimnyima jibu ambalo mtu alikuwa nalo mkononi, na kwamba najuta. Akanipa kitambaa.

"Wewe ulisema ninyamaze," akasema. "Aliyenyamaza ni mimi. Usijipe kazi zote."

Kisha akaniomba nimpigie kaka, kwa sababu vidole vyake vilikuwa bado havitulii kwenye simu na hakuona tena sababu ya kuhangaika navyo. Kaka alipokea kabla haijaita mara ya pili. Sikumsalimu. Nikasema, "Si mikono yake. Bodi ni nzima, yote." Nikasikia anamwambia mteja fulani samahani, nipe dakika moja, halafu sikusikia tena neno, isipokuwa pumzi ya mtu mzima anayejitahidi asilie mbele ya mgeni na anashindwa. Kaka yangu mimi sijamsikia akilia tangu tumzike baba. Nikampa wifi simu.

Alisikiliza kidogo, ameinamisha kichwa, anatabasamu.

"Nimesikia," akamwambia. "Mimi pia. Lakini usiningoje kwa chakula cha mchana. Zimebaki bodi mbili za akiba za kulehemu, na nataka kuanza moja leo."